Mwili wa Livingstone ulipita Ujiji au Tabora?

Binti wa Mwanga:
Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Niko hapa Kigoma, Mwanga. Jumapili tulimpeleka mgeni wetu Ujiji kuona pale walipokutana wale wasafiri Wazungu, Livingstone na Stanley. Wakati wa kurudi mjomba akamwambia kwamba Livingstone alipofariki, maiti ililetwa Ujiji kwanza, ikalazwa hapo, ndipo ikapelekwa pwani kwa miguu. Mgeni ni mtu wa Tabora, akasema hapana, maiti ilipita kwao. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mjomba ni mtu mzima, siwezi kumpinga mikono mitupu. Mwenye uhakika aniambie. Na kama ni Tabora, kwa nini waliiruka Ujiji wakati ndiko alikokuwa na nyumba?

Bajaji Kwihara:
Dada, mgeni wenu yuko sahihi. Mimi ni mzaliwa wa Kwihara na naendesha bajaji hapa Tabora. Wageni wakishuka kwenye treni wanaulizia tembe la Livingstone, mimi ndiye nawapeleka, na habari nawapa hata wasipouliza.

Livingstone aliondoka Ujiji akiwa hai, mwishoni mwa Desemba 1871, yeye na Stanley. Walikuwa wametoka kuangalia kule kaskazini ya ziwa kama mto Rusizi unaingia au unatoka, wakakuta unaingia. Februari 1872 wakafika Kwihara. Machi Stanley akashika njia ya pwani. Mzee akabaki hapa miezi mitano akingoja wapagazi ambao Stanley alimwahidi kumtumia kutoka Unguja. Walipokuja, tarehe 25 Agosti akatoka nao kuelekea kusini, upande wa Ziwa Bangweulu. Ujiji hakurudi tena.

Akafa usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hakuwepo Mzungu mwingine hata mmoja, hilo mwambie mjomba kwanza. Watumishi wake wa siku nyingi, Susi na Chuma, wakawaita wenzao, wakakaa kikao, wakakubaliana maiti irudi kwao Uingereza. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari kule Nasik, India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakaikunja miguu, wakauviringisha kwa kitambaa, halafu kwa gome la mti, juu yake turubai lililoshonwa na kupakwa lami. Mzigo ukafungwa kwenye mti mrefu, watu wawili wakautia mabegani.

Kutoka huko walipita mashariki ya Ziwa Tanganyika wakaja moja kwa moja Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Mtu anayekwenda Bagamoyo akitokea kusini, Ujiji atafuata nini? Angekuwa anazunguka bure.

Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Hapo wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa na Waingereza kumsaidia mzee. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, yule yule aliyetembea na Burton na Speke mwaka 1857. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Kisha akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu ili aendelee navyo na safari yake, wenyewe wakinung'unika. Hapo Cameron mimi sina hamu naye. Maiti bado iko barazani, wewe unafungua masanduku!

Fundi Cherehani:
Bajaji, umesimulia vizuri, ila hadithi ya watumishi waaminifu imetiwa sukari sana na Waingereza. Hawa walikuwa watu wa mshahara. Nani angewalipa wakifika Unguja mikono mitupu?

Bajaji Kwihara:
Kaka, hoja yako naichukua, na nakuongezea. Mwaka 1866 kina Musa, watu wa Anjouan kule Komoro, walimkimbia Livingstone, wakafika Unguja wakasema ameuawa. Uingereza ikatuma watu kuchunguza, ikaonekana ni uongo. Sasa kina Susi waende pwani waseme "mzee amekufa", nani angewaamini? Kwa hiyo mifupa na daftari zake vilikuwa pia ushahidi wao. Lakini kwa mshahara tu, daftari zingetosha, nazo ni nyepesi. Maiti uliibeba mwezi baada ya mwezi, zaidi ya kilomita 1,500, vijiji vingi havitaki hata kuiona?

Soma ya Kasekera, mashariki ya hapa. Walikuwa wameongozana na wenzake Cameron waliokuwa wanarudi pwani. Mmoja wao, Dokta Dillon, alikuwa hoi kwa homa, akajipiga risasi Novemba 1873. Na watu wa mbele hawakutaka maiti ipite kwao. Wangefanya nini? Wakatangaza kwamba wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa kitambaa yakawa kama mwili wa mtu, watu wachache wakaubeba mzigo huo kurudi nyuma kwa huzuni zote. Usiku wakayatupa mabua porini, wakawafuata wenzao. Livingstone mwenyewe amefungwa upya kama mtumba wa nguo, anapita kama bidhaa nyingine yoyote ya njia ile. Kila nikifika hapo abiria wanacheka, hata wazee wa kanisa.

Binti wa Mwanga:
Ahsante kaka, nimecheka peke yangu ofisini. Na hao waliobeba, walifika Uingereza?

Bajaji Kwihara:
Aliyesafiri na jeneza ni Wainwright peke yake, nauli yake ililipwa na wamisionari. Kule mwili waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja zamani. Akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza, pamoja na Stanley. Susi na Chuma walilipwa mshahara wao wakaambiwa kwaherini. Baadaye rafiki wa Livingstone, James Young, akawagharimia, lakini wanafika mazishi yamekwisha. Walikuwa na mzee tangu Zambezi, miaka kumi kabla! Wenzao walitengenezewa medali, ila wengi walikuwa wameshatawanyika na hazikuwafikia.

Binti wa Mwanga:
Nimemsomea mjomba yote. Anasema sawa, lakini yeye alisikia kwa wazee kabisa kwamba kuna vitu vya Livingstone vilivyotolewa Ujiji baada ya kifo chake kupelekwa pwani.

Bajaji Kwihara:
Wazee hawakumdanganya. Livingstone aliacha makaratasi Ujiji. Cameron alipofika huko Februari 1874 akayachukua na kuyatuma pwani. Lakini mwezi huo huo maiti ilikuwa imeshafika Bagamoyo. Msalimie mjomba sana, mwambie akija Tabora asipande bajaji ya mtu mwingine.