Mabondia wa ridhaa tupeane uzoefu: ulijiandaaje na pambano lako la kwanza?

kona_nyekundu (Temeke)
Wakuu habari za mchana. Nimefungua huu uzi kwa sababu gym yetu ina vijana wanapanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwezi ujao, ngumi za ridhaa, na kila siku wananiuliza maswali ambayo mimi niliyajibiwa na watu wa mtaani tu. Ukiingia mtandaoni unakuta ya watu wa Ulaya, mtu ana mtaalamu wa chakula, ana dokta wake, ana muda wa kulala mchana, wakati huku kijana anashuka kwenye mzigo Kariakoo saa kumi na mbili jioni ndio anakuja kupiga begi. Kwa hiyo tupeane uzoefu, ila tafadhali yawe yako mwenyewe sio ya kusikia.

Naanza mimi. Pambano langu lilikuwa la uzito wa kilo 60, raundi 3 za dakika 3, mapumziko dakika moja moja. Ukihesabu unasema aah dakika tisa tu hizo, mbona mazoezini nakaa masaa mawili. Kocha wetu wakati huo hakuwa na shida kabisa na ngumi zangu, alikuwa na shida na pumzi, alisema anayepanda mara ya kwanza mara nyingi haishiwi pumzi kwa sababu hakukimbia, anaishiwa kwa sababu amepanda mwili umekaza, moyo unamwenda mbio kengele haijagongwa bado, halafu akisikia watu wa mtaani kwao wanalipigia kelele jina lake anamwaga kila alichonacho dakika ya kwanza. Raundi ya pili mikono haipandi tena.

Alichotufanyia sasa: unakimbia mbio fupi za kasi uwanjani mpaka unahema, hapo hapo bila kukaa unaingia shado, yaani kupiga ngumi hewani peke yako, ya dakika tatu, na kila ngumi lazima asikie pumzi inatoka. Wiki za mwisho akawa ananiwekea mtu mpya kila raundi kwenye sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, mimi nachoka wao wanaingia wabichi, na wengine wote amewapanga pembeni ya ulingo wanapiga kelele na madebe, yaani makusudi kabisa nisisikie anachosema kocha kwenye kona yangu. Siku yenyewe raundi ya kwanza nilirusha jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, na kuzunguka tu, mikono mizito kama nimebeba ndoo, ila nilijua hiyo hali nishakutana nayo. Raundi ya pili ndio nikaanza kumuona jamaa vizuri. Nilipewa ushindi kwa pointi.

Haya karibuni, uzito, chakula, woga, chochote.

fundi_padi (Tanga)
Uzi mzuri sana huu. Mimi nashika padi, zile anazopiga bondia mazoezini, tangu enzi zile bondia wetu Michael Yombayomba anarudi na dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur 1998, na ninachotaka kuongelea ni uzito maana hapo ndipo vijana wanaumia.

Kwenye ridhaa mnapimwa asubuhi ya siku ya pambano na mnapigana siku hiyo hiyo, sio kama ngumi za kulipwa ambako wanapima jana yake mtu analala anakula anarudisha kilo. Sasa kijana anaangalia wa kulipwa kwenye simu, anaona wanavaa mifuko ya nailoni wanakimbia juani, na yeye anaiga. Anapima sawa amefika, halafu mchana anapanda ulingoni mdomo umekauka, miguu haina nguvu, na ubongo wa mtu aliyekaukiwa maji uko kwenye hatari zaidi akipigwa kichwani. Mimi bondia wangu wa mara ya kwanza simkatishi maji hata siku moja. Namuuliza unatembea na kilo ngapi ukiwa umekula ugali wako kawaida, akisema 62 na nusu namtafutia pambano karibu na hapo, kinachobaki tunapunguza taratibu kwa kupunguza wanga wa usiku na soda na vitumbua vya asubuhi, wiki kadhaa kabla. Akishapima anakunywa maji kidogo kidogo, uji, ndizi mbivu, mkate na asali. Sio chipsi. Sio maharage.

Kingine, simpandishi mtu mpaka nimemuona anaspa na watu asiowajua kutoka gym nyingine. Ukiwa na mwenzako wa kila siku mnajuana, unajua akishusha bega ngumi gani inakuja. Na namwangalia akipigwa moja nzuri ya uso anafanya nini: akifumba macho na kugeuza kichwa bado hajaiva, turudi kwenye jabu na miguu.

mwana_kaloleni
Wasee salamu kutoka Nairobi. Kwetu kila kijana ameskia story ya Robert Wangila, Seoul 1988, vile alimaliza Mfaransa raundi ya pili kwa fainali akaletea Kenya dhahabu ya Olimpiki, na hiyo ndio dhahabu pekee tuko nayo kwa ngumi. Sasa kila mtu akienda fight ya kwanza anataka kuwa Wangila. Kocha wangu alinikalisha chini akaniambia majaji watano wanaangalia ngumi safi, zile zinaingia na vifundo vya mkono kwa uso ama kwa mwili mbele, halafu wanaangalia nani anaongoza mchezo. Anayeshinda raundi anapata 10, mwenzake mara nyingi 9. Hakuna pointi ya kurusha kwa nguvu ikapita hewani.

Kwa hivyo maandalizi yangu yote yalikuwa moja-mbili, yaani jabu halafu ngumi ya mkono wa nyuma, moja-mbili na kutoka kando. Mwezi mzima, nikichoka nayo ananiambia endelea. Nilipoteza hiyo fight, jamaa alikuwa wa mkono wa kushoto na mguu wake ulikuwa unanizuia kila nikiingia, lakini niliteremka nikiwa najua ni nini kilinishinda na nikaanza kuifanyia kazi Jumatatu. Tafuteni mtu wa kushoto wa kuspa naye kabla siku ifike, hata mmoja tu.

kijana_wa_begi
Samahani wakuu, mimi ni mmoja wa hao wanaopanda mwezi ujao. Hivi hedigadi, ile kofia ya kukinga kichwa, tunavaa au hatuvai?

kona_nyekundu (Temeke)
@kijana_wa_begi kwa wanaume wakubwa iliondolewa kwenye mashindano ya kimataifa 2013, ndio maana Olimpiki ya Rio 2016 uliwaona vichwa wazi. Vijana wadogo na wanawake waliendelea kuvaa. Mashindano ya mtaani waandaaji wanaweza kuwavalisha, muulize kocha mapema. Ila kama mtapanda bila, fanya na sparingi nyepesi kadhaa bila ya hedigadi, za kugusana tu, maana vichwa vinagongana na ndipo watu wanachanika nyusi.

dada_wa_vitasa (Mombasa)
Asanteni kwa huu uzi, na naomba wanaume msome pia, mna dada zenu wanataka kuingia.

Pambano langu la kwanza shida kubwa haikuwa mpinzani, ilikuwa kumpata wa kuspa naye. Gym nzima wasichana tulikuwa wawili na uzito wetu uko mbali, na wavulana ama wananigusa taratibu kama yai ama mmoja akiguswa jabu safi mbele ya wenziwe anakasirika anarusha kweli. Mwalimu wangu Mungu ambariki alichagua wavulana wawili wadogo wenye akili, akawapa sheria: kasi yote, nguvu nusu. Hiyo ilinitengeneza macho yangu. Dada ukikosa msichana mwenzako tafuta mvulana anayejizuia, usikubali mwenye hasira.

Mambo mengine ambayo hakuna aliyeniambia: nywele zifungwe vizuri kabisa zisitoke kwenye hedigadi, mimi nilisuka mistari myembamba kuelekea nyuma siku mbili kabla ili kichwa kisiume. Kwenye vipimo mwanamke anatakiwa athibitishe hana mimba, usishtuke ukiulizwa mbele ya watu, omba uulizwe faragha ni haki yako. Na siku zako za mwezi zinacheza na mizani, fuatilia mapema ujue mwili wako unaongeza kiasi gani wiki hiyo.

Nyumbani kwetu mama alikataa katakata. Nilimwomba mwalimu aje mwenyewe kuongea naye, akaja amevaa shati kwa heshima akaeleza kuna daktari ulingoni, kuna refa anaweza kusimamisha. Mama hakuja ukumbini lakini alinipikia uji wa asubuhi. Nilipanda na moyo mwepesi, na hilo nalo ni maandalizi.

mzalia_ng'ambo (Unguja)
Assalam alaykum. Mie nataka nichangie kidogo tu. Huku kwetu Zanzibar ngumi zilizuiwa tangu zama za Mzee Karume, zikaja kuruhusiwa tena juzi juzi kipindi hiki cha Rais Mwinyi. Kwa hivyo sie tuliopenda mchezo zamani ilikuwa lazima uvuke bahari ukapigane Dar. Nilipanda boti asubuhi, bahari ilikuwa chafu, nikatapika, nikafika kwenye mizani nimepungua kuliko nilivyotaka na sina nguvu. Aliyenihifadhi ni mwenyeji wangu wa Magomeni, alinifikisha kwa mratibu, pambano langu likasogezwa liwe la mwisho mwisho, nikapata kunywa madafu na kulala kidogo.

Ushauri wangu kwa anayetoka mbali, wa Pemba, wa Mafia, wa Mtwara: fika jana yake. Hata ukalale chini kwenye mkeka wa gym ya wenyeji.

nesi_wa_zamu
Mimi sio bondia, mdogo wangu ndio bondia, na kazi yangu ni unesi. Nawaomba kitu kimoja. Kama kwenye sparingi za maandalizi ulipigwa ukaona giza, au kichwa kinauma hakiachi, unatapika, unasahau vitu vya dakika tano zilizopita, mwambie kocha na uende hospitali, hasa mkiona mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine hiyo ni kukimbia sio kusubiri kesho. Watu wanaficha kwa sababu pambano limekaribia na wameshawaambia washkaji. Sheria za ridhaa zenyewe zinasema ukisimamishwa kwa ngumi za kichwa unakaa nje si chini ya siku 30, na sparingi ndani yake hairuhusiwi. Mdogo wangu nilimzuia mara moja, alinuna, akapigana msimu uliofuata akiwa mzima.

fundi_padi (Tanga)
@nesi_wa_zamu naunga mkono kila neno. Makocha wenzangu huyu asikilizwe.

kijana_wa_begi
Nashukuruni sana wakuu nimesoma yote mara mbili. Swali la mwisho, kinga ya meno nimenunua mpya jana mtumba Ilala ila inanichezea mdomoni, nikiuma inatoka, na nikiivaa nahisi siwezi kuhema.

fundi_padi (Tanga)
Imefungwa kwenye pakiti yake au imeshavaliwa? Kama imeshavaliwa na mtu itupe. Kama ni mpya, hiyo ni ya kulainisha kwa maji moto: mimina maji yaliyochemka kwenye bakuli, izamishe muda ulioandikwa kwenye pakiti, itoe na kijiko, acha ipoe kidogo usijiunguze, iweke meno ya juu, uma kwa nguvu huku unanyonya hewa na kuibana kwa vidole kwa nje kwenye midomo, halafu maji baridi. Ikikaa vizuri ukifungua mdomo haidondoki. Na isiwe nyekundu, kwenye ridhaa hawakubali maana refa anashindwa kuona damu. Ikishakaa, kuanzia leo vaa kila unapopiga begi, kila padi, hata ukiruka kamba, mpaka uzoee kuhemea puani nayo.