Kiwanja cha mteremko Kigoma: fundi anataka tujaze kifusi, mama mkwe hawezi ngazi. Naombeni ushauri wa kupanga vyumba

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Tumepata kiwanja upande wa Bangwe, ukisimama barabarani unaliona ziwa lote na milima ya Kongo kule ng'ambo. Vya chini tulivikataa maana 2020 na 2021 tuliona kwa macho yetu ziwa lilivyopanda. Sasa shida ni mteremko. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, barabara iko juu na kinashuka kuelekea ziwani, jana mimi na mume wangu tumepima kwa mpira wa maji kipande kwa kipande, yeye kashika ncha ya juu mimi ya chini, tukajumlisha tukapata mita 4 na nusu toka juu mpaka chini.

Ramani tumepewa na shemeji aliyejenga Tabora kwenye tambarare, upana mita 14 na kwenda chini 12, vyumba vinne. Fundi anasema haina neno, tunajaza kifusi mbele, upande wa ziwa, tunasawazisha. Nimepiga hesabu naona msingi wa mbele utafika mita 1.8! Alafu tunaishi na mama mkwe, magoti yanamsumbua, hapa tulipopanga kuna ngazi tatu tu na anazishuka kinyumenyume huku kashika ukuta. Sitaki nijenge nyumba ambayo yeye atabaki chumbani. Nisaidieni kabla mvua hazijaanza, Oktoba sio mbali.

Mjenzi wa Gungu
Dada umefanya vizuri kupima kabla hujachimba. Kifusi hicho sio mchezo, 14 mara 12, mbele 1.8 nyuma sifuri, wastani sentimita 90, hiyo ni kama mita za ujazo 151. Lori la mita 7 ni tripu 21 na zaidi, na ukishindilia kinapungua unaongeza tena. Kisiposhindiliwa kwa maji tabaka kwa tabaka, sentimita 15 mpaka 20 kila moja, mvua zikikolea kinakaa chini, jamvi (zege la sakafu) linabaki linaning'inia, unashangaa sakafu imepasuka kona kwa kona. Na kikilowa kinausukuma ukuta wa msingi kwenda nje. Mwambie fundi akueleze atashindilia na nini, asikujibu kwa maneno.

Mchora ramani
Hiyo ramani ya Tabora mrudishie shemeji kwa heshima, ilichorwa kwa ardhi nyingine. Mteremko wako ni sentimita 15 kila mita, kwa hiyo kadiri nyumba inavyoshuka chini ndivyo msingi unavyokula hela. Ilaze nyumba ifuate mlima, urefu 16 kukingama kiwanja na kwenda chini 10 tu. Eneo karibu lilelile, 160 badala ya 168. Tofauti ya juu na chini inakuwa mita 1.5, unakata sentimita 75 nyuma unainua 75 mbele, udongo unaochimba ndio unaojazia, kama mita za ujazo 30 badala ya 151. Na ndani hakuna ngazi hata moja, sakafu ni moja nyumba nzima. Pembeni zinabaki mita 2 na 2, hilo mkaulize manispaa mnapoomba kibali.

Vyumba: katikati pitisha korido. Upande wa ziwa sebule na masta, upande wa barabarani chumba cha mama, choo na jiko. Mama apate jua la asubuhi, maana ziwa kwenu liko magharibi na jua la saa kumi litaingia moja kwa moja sebuleni. Hapo weka baraza la mita 2 na nusu, paa lake lishuke kidogo. Ukingo usisahau, mwisho wa baraza utakuwa kama mita 1.1 toka chini na una watoto.

Baba Mwanga
Naongezea kwa machungu. Kwangu fundi alikata mlima akajenga ukuta wa chumba ukiegemea udongo. Mwaka wa kwanza rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, ukiibonyeza kwa kidole maji yanatoka, godoro la mtoto likaota ukungu tukahamisha chumba. Acheni nafasi ya mita moja au zaidi kati ya udongo uliokatwa na nyumba, udongo uzuiwe na ukuta wake wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, na mtaro upite hapo nyuma uyapeleke pembeni. Maji ya barabara yote yatakuja kwako dada, usiyadharau.

MamaWawili
Jamani asanteni, Baba Mwanga pole sana. Mume wangu kasoma yote kimya alafu akachukua karatasi. Swali: mama atafikaje mlangoni? Nyumba tunaiweka mita 5 toka barabarani, hapo ardhi imeshuka 75 na tunakata 75 nyingine, sakafu inakuwa mita 1.5 chini ya barabara. Na jiko, mimi nilitaka liangalie ziwa.

Mchora ramani
Geti usiliweke katikati. Liweke kona moja ya juu, njia ishuke kwa mshazari mpaka kona ya pili, mserereko wa mita 18 bila ngazi, kila mita 12 inashuka moja, mama anatembea na mkongojo wake taratibu. Iwe ya zege iliyokwaruzwa isiteleze, na bomba la kushika.

Dada wa Katubuka
Jiko liache huko juu mpenzi. Mchana upepo unatoka ziwani, ukikaanga dagaa jikoni upande wa ziwa harufu yote inalala kwenye makochi. Na choo kiwe mwisho wa nyumba, bomba lishuke ubavuni mpaka shimo kule chini, lisipite chini ya sakafu.

MamaWawili
Sawa, jiko limehamia juu. Jumamosi fundi anakuja kung'oa vigingi vyake na kuvipigilia upya, mama mkwe kasema na yeye anakuja, anataka aoneshwe chumba chake kilipo.