Pasi yangu imekufa mara ya pili: nianzie wapi kujifunza kutengeneza mwenyewe?

MamaWaKadutu

Jambo wapendwa. Niko Bukavu, huku Kadutu, na watoto watatu wa shule. Naomba ushauri wa wenye kujua vyombo vya umeme vya nyumbani.

Pasi yangu ilizimika Jumapili usiku nikinyoosha mashati meupe ya shule. Nikaipeleka kwa fundi. Wiki tatu nzima naambiwa rudi kesho. Siku niliyoipata nililipa franka 15.000, ikafanya kazi siku nne, ikazimika tena. Sasa natumia pasi ya makala, na majivu yanaangukia kwenye kola.

Resho, jiko langu la umeme, nayo inawaka, lakini maharagwe niliyoyaweka saa kumi jioni yalikuwa bado magumu saa nne ya usiku. Fundi huyohuyo alinibadilishia rezistansi, ule waya unaotoa moto, na hakuna kilichobadilika.

Sitafuti kazi ya ufundi. Nataka nijue chombo kinaumwa wapi kabla sijatoa hela. Nina turnevisi moja na koleo. Ninunue nini? Na vipo vyombo nisivyopaswa kufungua kabisa?

FundiRadio_Bagira

Mama, jambo. Pasi nyingi zinazowekwa kwenye meza yangu hazijafa. Ni kamba imekatika ndani, pale shingoni inapoingilia kwenye pasi, maana hapo ndipo inapopindwa kila siku. Ukiitazama kwa nje ni nzima. Ndani nyuzi za shaba zimekatika moja moja mpaka zikaisha.

Nenda kenkayeri, duka la vifaa, ununue multimetri, kile chombo cha kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Kisha fanya hivi. Chomoa pasi, iache ipoe. Zungusha kile kiduara cha joto hadi mwisho. Wengi wanasahau hapa: kikibaki kwenye sifuri, njia ya umeme imekatwa humo ndani, na pasi nzima itaonekana imekufa. Weka multimetri kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme, gusa meno mawili ya fishi, kile kichwa cha kamba kinachochomekwa. Pasi ya wati 1000 itakuonyesha karibu omu 48. Ikikuonyesha OL, au 1 peke yake pembeni ya kioo, njia imekatika. Sasa pinda kamba polepole pale shingoni huku ukitazama. Namba ikitokea na kupotea, umeshaupata ugonjwa.

Ukimaliza kutengeneza, usikimbilie prizi ya ukutani. Weka ncha moja kwenye jino la fishi na nyingine kwenye chuma cha pasi, halafu rudia na jino la pili. Isionyeshe kitu. Ikitokea namba yoyote, umeme umegusa mwili wa pasi, usiichomeke.

Mwalimu_Ibanda

Dada, resho yako huenda haiumwi popote. Umeme wa mto Ruzizi ukifika mtaani unapita kwenye waya mmoja uliofungiwa nyumba nyingi, na jioni wote tunapika. Voltaji inashuka. Ubaya wake ni kwamba moto wa resho haushuki kwa kiasi kilekile, unashuka zaidi. Resho ya wati 1000 imetengenezwa kwa volti 220. Ikipata volti 160, yaani karibu robo tatu, moto wake ni kama wati 530 tu. Nusu ya moto imepotea, na hakuna rezistansi mpya itakayoirudisha.

Pima kwenye prizi asubuhi na saa moja ya usiku. Geuza multimetri kwenye volti za AC, yaani umeme wa prizi, kipimo cha juu kabisa, vidole vikae nyuma ya ule ukingo wa plastiki. Tafadhali hakikisha haiko kwenye omu. Kupima prizi ikiwa kwenye omu kunaiunguza, na kunaweza kukuumiza.

Maharagwe yaloweke usiku, uyapike asubuhi.

Binti_Panzi

Naongeza kitu juu ya resho za waya wazi. Rezistansi ikikatika watu wanaisokota. Nilifanya hivyo mara tatu. Inakatika palepale, kwa sababu pale kwenye kifundo panawaka kupita kwingine. Nunua mpya, uivute sawasawa kwenye mfereji wake wote. Na sufuria ya aluminiamu isiguse ule waya, umeme unapanda hadi mkononi.

BabaWaGoma

Mama, uliuliza usivyopaswa kufungua, na naona hakuna aliyekujibu. Mikrowevu, kamwe. Televisheni ya zamani ya kioo kinene, kamwe. Hata zikishachomolewa zinabaki na umeme ndani, tena wa maelfu ya volti. Nyingine ni fuzi: ikiungua, usiweke waya mnene wa shaba mahali pake. Nyumba ya jirani yangu hapa Majengo iliungua kwa waya wa namna hiyo.

Na mafundi usiwaweke wote kapu moja. Ukienda na jibu la multimetri mkononi, fundi mwema atafurahi.

MamaWaKadutu

Aksanti sana kwenu wote. Nimepima. Prizi yangu asubuhi volti 214, saa moja ya usiku 158. Mwalimu, resho ni nzima, rezistansi ya kwanza niliitupa bure.

Pasi ilionyesha 47, ikapotea, ikarudi, palepale shingoni. Nilipofungua nikakuta kamba imeungwa na kuzungushiwa plastiki, na plastiki imeyeyuka ikashikana na nyuzi. Nikakata sentimita kumi hivi. Sasa zipo nyaya tatu, na prizi yetu ina matundu mawili tu. Ule wa kijani na njano niuache nje?

FundiRadio_Bagira

Hapana mama! Urudishe kwenye skrubu ya mwili wa pasi ulipokuwa, hata kama prizi yako leo haina sehemu yake. Siku mkifunga prizi ya kweli utakulinda. Zile mbili zikaze kwa skrubu zake, usiunge chochote katikati. Na ukinunua kamba nyingine, dai ile iliyovikwa kitambaa. Ya plastiki ikigusa chuma cha moto inayeyuka.

MamaWaKadutu

Nimeurudisha. Nimepima meno yote mawili kwenye chuma, hakuna namba. Nimechomeka, imewaka, na nimenyoosha mashati sita. Mkubwa wangu wa miaka kumi na mbili ndiye aliyeshika multimetri, na sasa anataka tufungue ile taa ya kuchaji iliyolala chini ya kitanda.

FundiRadio_Bagira

Pimeni kwanza betri ya taa hiyo. Taa hizo mara nyingi zina betri ya volti 4. Ikibaki chini ya 3 hata baada ya kuchaji usiku kucha, betri ndiyo imekufa, taa yenyewe iacheni.