Boxer ya petroli na umeme kwa pamoja: itawezekana?

Boda_Mbale: Wakuu, naomba ushauri. Naendesha boda hapa Mbale, Uganda, pikipiki ya Boxer ya cc 100, na mara nyingi napanda Kapchorwa kufuata viazi na kabichi. Petroli inanimaliza. Boda za umeme nazipenda, ila huko mlimani sijaona pa kubadilishia betri. Nawaza nifunge mota kwenye gurudumu la mbele, injini ibaki ilivyo. Mjini nitumie umeme, mlimani vyote viwili, na nikishuka mota ijaze betri. Mnaonaje?

FundiSpana: Kufungika inafungika, ndugu. Shida ni breki. Boxer yako mbele ina breki ya ngoma, na hiyo ngoma imo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukiweka mota hapo, breki imekwenda. Utahitaji mota yenye nafasi ya diski, kisha uchomelee kishikio cha kalipa (kile kinachobana diski) kwenye foku, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, na foku ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha ukiteremka Sipi na mzigo. Mimi sikuchomelei, hata unilipe mara mbili.

Umeme_Jinja: Tupige hesabu, kaka. Wewe, pikipiki na mzigo, tuseme kilo 250. Kapchorwa hadi Mbale unashuka kama mita 700. Nguvu yote ya mteremko huo haifiki nusu yuniti ya umeme. Upepo na matairi vikishachukua chao, ukivuna nusu yake una bahati: kilomita 6 au 7 za tambarare, basi. Gari ni zito na lina nafasi, ndiyo maana mfumo huu unalifaa. Hata Kiira EV Smack, lile gari la Uganda la 2014, lilikuwa la petroli na umeme. Kawasaki wameuweka kwenye pikipiki yao ya Ninja 7 Hybrid, lakini ile ina injini ya cc 451 na inapita kilo 220. Yako tayari inakunywa kidogo.

DadaElgon: Mbona mnamkatisha tamaa? Si anaweza kuchaji nyumbani usiku?

Umeme_Jinja: Anaweza, dada, na kwa kazi ya mjini tu ningemuunga mkono. Betri ya volti 72, ampea-saa 20, ni kama yuniti 1.4, inampa kilomita 40 hivi. Lakini betri na mota ni kilo 25 au zaidi, na mlimani hizo ni kabichi anazoziacha shambani kila safari. Akitaka umeme, anunue boda ya umeme kamili ya mjini.

Boda_Mbale: Mbili siziwezi sasa. Na hii petroli nifanyeje?

FundiSpana: Kichujio cha hewa ulikibadilisha lini? Kikiziba, injini inakunywa petroli ya bure, na huko juu hewa yenyewe ni nyepesi. Angalia pia upepo wa matairi na cheni. Lete pikipiki Jumatatu tufungue kabureta, na uje na kichujio kipya.

Boda_Mbale: Asante mzee. Jumatatu asubuhi nipo kwako.