Naomba ushauri: mume wangu Mtaliano aingie Kenya na eTA kwanza au tusubiri pasi ya mtegemezi?

Asalaam aleikum ndugu zangu, nipo Malindi hapa Shela, mume wangu ni Mtaliano na sasa tumeamua aje tuishi huku moja kwa moja. Yeye anataka aingie tu na ile eTA (ruhusa ya kuingia Kenya inayoombwa mtandaoni) halafu tuombe dipendanti pasi, yaani pasi ya mtegemezi ya kukaa hapa kama mume wangu, akiwa tayari yuko hapa, mimi roho haitulii kwa sababu eTA ni siku 90 tu na karatasi zikichelewa itakuwaje, atoke tena? Mie naona bora niombe pasi saa hizi mtandaoni, mimi ndo mwenyeji wake, aje ikishatoka, lakini mamangu anaumwa na namtaka mume wangu karibu jamani.

Halafu yeye ni fundi wa injini za boti, hawezi kukaa bure, na pasi ya mtegemezi hairuhusu kazi. Ukaazi wa kudumu ni mpaka ndoa ifike miaka 3, yetu bado, uraia ndo miaka 7 kabisa. Je kibali cha kazi tuombe pamoja na pasi au baadae? Aliyepitia haya naomba anieleze alianzia wapi, na cheti cha ndoa cha Italia kinatakiwa kutafsiriwa na nani?