Mimi na mke wangu Malawi: kaskazini kwa basi na meli, au kusini kwa gari?

Kisiki wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto tumepata likizo pamoja mwezi wa saba, kama wiki mbili hivi, na watoto watabaki kwa bibi yao. Tunataka kwenda Malawi wenyewe, bila kampuni ya utalii. Tunatokea Mbeya, kwa hiyo mpaka wa Kasumulu ni jirani. Mezani kuna mipango mitatu.

Wa kwanza: tubaki kaskazini. Karonga, Livingstonia, Mzuzu, Nkhata Bay, halafu meli hadi kisiwa cha Likoma. Usafiri wa umma mwanzo mwisho.

Wa pili: basi moja kwa moja hadi Lilongwe, tukodi gari pale, tushuke Cape Maclear, Liwonde, Zomba, na nguvu zikibaki tuguse Mulanje.

Wa tatu ni wangu peke yangu, mwenzangu hautaki hata kuusikia: tutoke nyumbani na kigari chetu, tuzunguke nchi nzima, kushuka kwa barabara ya ziwani na kurudi kwa ile ya juu.

Yeye anataka maji na kupumzika. Mimi nikikaa sehemu moja siku tatu naanza kuwashwa miguu. Bajeti ni ya mtumishi wa umma. Waliofika naomba mawazo. Nawasilisha.

Bahili Namba Moja

Mpango wa kwanza. Funga uzi.

Mama wa Safari

Usifunge chochote. Kaka Kisiki, mimi na mume wangu tulienda kusini na ningerudi kesho. Kusini vitu vizuri vimekaribiana. Cape Maclear ni kijiji cha wavuvi, wenyewe wanakiita Chembe, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1984 kwa ajili ya samaki. Hao samaki ni mbuna, wadogo, wa bluu na njano, na huhitaji ujuzi wowote kuwaona: miwani ya maji na mrija, unainamisha kichwa pale kwenye miamba ya Otter Point, wanakuzunguka. Wifi yangu atapumzika mpaka achoke kupumzika.

Ukitoka hapo unafuata maji yanakokwenda. Ziwa linamwaga kwenye mto Shire, na Shire unapita hifadhi ya Liwonde. Safari ya boti jioni pale, viboko huku, mamba kule, tembo wanavuka na watoto wao. Tembo walizidi mpaka mwaka 2016 na 2017 wakahamishwa takriban 500, kutoka hifadhi za Liwonde na Majete kwenda ile ya Nkhotakota. Duma wamerudishwa, simba wamerudishwa. Kisha Zomba, mji mkuu wa zamani hadi 1975, una mlima juu yake wenye misonobari na baridi ya kuvutia blanketi.

Gari la kukodi ndilo lilitutia doa. Tulilipishwa amana kubwa kwa dola, na kurudishiwa ilikuwa mvutano wa asubuhi nzima juu ya mkwaruzo uliokuwepo tangu tunalichukua. Piga picha gari lote kabla hujakabidhiwa ufunguo, mpaka chini ya bampa.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha malori njia hiyo muda mrefu, niseme juu ya mpango wa tatu tu.

Kijana, mke wako yuko sahihi. Malawi ni nyembamba lakini ni ndefu. Kutoka mpakani Songwe hadi Nsanje kule chini ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na bado hujarudi. Karonga hadi Mzuzu peke yake ni kama 220, Mzuzu hadi Lilongwe kama 360 kwa barabara kuu ya M1, Lilongwe hadi Blantyre kama 310. Kuna vizuizi vya polisi njia nzima, na trafiki wenye tochi za spidi wanaosimama pale pale kijiji kinapoanza. Usiku usiendeshe: mbuzi, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyokufa yamewekewa matawi barabarani. Kwa wiki mbili utaona lami na mgongo wa lori lililo mbele yako.

La mafuta ndilo baya zaidi. Nchi imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni miaka hii, na fedha za kigeni zikikosekana mafuta nayo hukosekana. Unaweza kukuta foleni ya magari yamelala kituoni, madereva wamekwenda zao. Hilo linamgusa pia wa gari la kukodi, Mama wa Safari hakulitaja.

Ukishupaa basi jiandae na kadi mbili za njano: moja ya chanjo yako, nyingine ya bima ya gari, ile ya COMESA. Pamoja na kibali cha kuingiza gari kwa muda, kadi ya gari yenye jina lako na pembetatu mbili za kuakisi. Mbili, si moja.

Mama wa Safari

Sikulitaja kwa sababu sisi hatukupanga foleni, mzee wangu. Lakini ni kweli, wenyeji wetu walikuwa wanalilalamikia.

Mbongo wa Mzuzu

Naishi huku kikazi, ngoja nimpe Kisiki picha ya kaskazini maana Bahili kasema neno moja akaondoka.

Ukivuka Songwe wewe ni mtu wa SADC, huna haja ya viza, pasipoti inagongwa muhuri unapita. Rudisha saa nyuma kwa saa moja hapo hapo. Na wao huhesabu saa kizungu: ukiambiwa basi linaondoka saa sita asubuhi, kwa jua ni saa kumi na mbili, na simu yako yenye muda wa Tanzania itakuwa inasoma saa moja. Wageni kutoka kwetu hukosa mabasi kwa hesabu hiyo.

Karonga wengi wanakusikia Kiswahili. Kwenda kusini zaidi ni Kitumbuka, Nkhata Bay Kitonga, na Chichewa kinakubeba kila mahali. "Zikomo", yaani asante, na tabasamu vinatosha kuanzia.

Livingstonia ndiyo ningeanza nayo. Unashuka Chitimba kando ya M1, halafu kuna barabara ya vumbi, Gorode, inapanda ukingo wa bonde kwa kona zipatazo ishirini, kila moja ya kushika roho. Ni kama kilomita 15. Unaweza kutembea kwa miguu, au ungoje matola. Juu kuna misheni ya Waskoti, nyumba za matofali mekundu, jumba la mawe lenye makumbusho, na maporomoko ya Manchewe jirani. Unaliona ziwa lote hadi milima ya kwetu ng'ambo. Wamishonari hao hawakwenda kule kwa ajili ya mandhari: walianza Cape Maclear mwaka 1875, malaria ikawazika, mwaka 1881 wakahamia Bandawe, ikawafuata, mwaka 1894 ndipo Dkt. Robert Laws akawapeleka juu penye baridi. Makaburi yao yapo pote kwenye pwani hizo mbili, kwa hiyo Mama wa Safari asipomtaja mbu, mimi namtaja.

Nkhata Bay ni ghuba iliyojikunja, maji yametulia, loji zimening'inia kwenye miamba. Bei zake zinalingana na mtumishi wa umma. Mke wako atapata maji yake pale, nawe una soko, kayaki na vijiwe vya kutosha kuzurura.

Hela: badilisha shilingi mpakani au Karonga, ukishapita hapo ni ngumu. Hesabu noti ukiwa umesimama, si ukiwa unasukumwa na vijana. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023 na noti kubwa kuliko zote ni ya 5,000, kwa hiyo utatembea na bunda. Kabla ya kushuka ziwani chukua taslimu Mzuzu. Kisiwani usitegemee mashine.

Bahili Namba Moja

Nimerudi. Matola maana yake ni pikapu: unalipa, unakaa juu ya mizigo na kuku wa watu. Mjini kuna kabaza, baiskeli yenye kiti nyuma, nauli ya karanga. Chakula: chipsi za chiwaya kando ya barabara, zinakaangwa kwenye bati pana, unawekewa na kabichi. Usipa ni dagaa, lakini mnono. Kwa fedha ya tanki moja la mafuta la Mama wa Safari mimi nakula wiki.

Mama wa Safari

Kula tu, mdogo wangu, na kuku wako mapajani.

Ila Mbongo, mwezi wa saba unampeleka mtu Likoma kwa maji? Huo ni msimu wa mwera. Upepo ukiinuka kutoka kusini-mashariki ziwa linakuwa bahari. Askofu Chauncy Maples alizama humo mwaka 1895 kwa dhoruba, hata kuanza kazi yake ya uaskofu hakuwahi.

Mbongo wa Mzuzu

Dada yangu, hoja yako naipokea. Ndiyo maana nilikuwa naifikia Likoma mwishoni.

Alizama katika mashua. Ilala ni meli kamili, ipo ziwani tangu 1951, inatoka Monkey Bay hadi Chilumba na kurudi, ikigusa Nkhotakota, Likoma, Chizumulu na Nkhata Bay. Mwera itaitikisa na matumbo yatapanda, lakini ni meli. Ninachokataza ni zile boti za mbao wakati wa upepo, hata nahodha akikuapia.

Shida ya Ilala ni umri. Ikiingia matengenezo inaweza kutoonekana kwa muda mrefu, na hata ikitembea, kuchelewa kwa nusu siku hakuna anayeomba radhi. Likoma kwa miaka mingi haikuwa na gati la kufungia meli: ulikuwa unateremka kwa ngazi kwenye mashua ndogo, usiku mara nyingi, mzigo unarushwa. Begi liwe la mgongoni. Lipia sitaha ya juu, chini ni magunia, samaki na watu mpaka mlangoni.

Ukifika, unakuta kanisa kuu la Mtakatifu Petro, la mawe, lilianza kujengwa mwaka 1903 na misheni ile ile ya Kianglikana, UMCA, iliyojenga kanisa la Mkunazini Zanzibar. Kwenye kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu! Na maji yanayokizunguka ni ya Msumbiji, lakini kisiwa ni cha Malawi. Mimi napapenda kuliko Cape Maclear, ambako vijana wa kuuza ziara hawakupi nafasi ya kukaa kimya. Ila sheria ni moja: usiende Likoma kama Jumatatu unatakiwa ofisini.

Muuguzi wa Kata

Nawapita haraka. Dawa ya kuzuia malaria mwaulize daktari kabla ya kuondoka, na chandarua kikaguliwe matundu. Ziwa lina kichocho, hasa penye matete na maji yaliyotuama karibu na vijiji, Cape Maclear ikiwemo. Maji ya kina mbali na ufuko yana nafuu. Wote wawili, hata asiyewashwa chochote, mnywe prazikwanteli wiki 6 hadi 8 baada ya kutoka majini, si siku ya kurudi, kwa sababu ikinywewa mapema haiwaui minyoo wachanga. Shemeji ajue mapema kama ni mjamzito, mpango wa dawa unabadilika.

Dereva Mstaafu

Na Mulanje mfute. Kilele chake, Sapitwa, ni mita 3,002, mwezi wa saba kuna chiperoni, ukungu wenye manyunyu yasiyoisha. Hiyo ni safari ya peke yake, na mtu wa kukuongoza.

Kisiki wa Uyole

Asanteni sana wakuu, mama watoto kausoma uzi wote na kacheka sana pale kwa mzee Dereva. Kigari kinabaki Uyole. Safari ya kusini tumeiweka mwaka mwingine, tukiwa na hela ya kukodi na ya foleni.

Tunakwenda kaskazini. Nkhata Bay ndiyo kambi, Likoma tukiikuta meli. Isipokuwepo, je, kuna mchanga karibu? Nkhata Bay naona ni miamba. Na Livingstonia tuipande kwenda au kurudi?

Mbongo wa Mzuzu

Livingstonia kwenda, mkiwa bado na magoti. Mzigo mkubwa uacheni chini Chitimba, pandeni asubuhi na kibegi na sweta. Meli msiulizie mtandaoni, ulizeni gatini Nkhata Bay siku mnayofika.

Ikikosekana, pandeni minibasi kwenda kusini hadi Chintheche, mchanga upo mrefu na mweupe, Bandawe iko hapo hapo. Mkipewa kondowole msistuke, ni ugali wa muhogo, unavutika, unakatwa kwa nguvu. Kuleni na kampango, samaki wa ziwani. Mkifika Mzuzu niandikieni ndani, nitawaelekeza kahawa inauzwa wapi.

Bahili Namba Moja

Mtandikieni mama chandarua upande wa ukutani.