Duka nalishika mimi, mzee anataka kumwachia kaka

Binti_Kibosho
Habari zenu wadau. Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, njia ya Kiborloni. Mzee alilianzisha, ila tangu nimalize chuo nafungua mimi, nondo naagiza mimi, na mafundi wanaokopa saruji nawajua mmoja mmoja, nani hulipa na nani huzima simu. Juzi mbele ya baba wadogo mzee kasema amechoka, duka atashika kaka. Kaka kaajiriwa Dar, hajui hata bei ya bati la geji 28. Nikaambiwa, "Wewe utaolewa, mali isiende ukoo mwingine." Nampenda baba, sitaki kumvunjia heshima. Nianzie wapi?

Mangi_Machame
Pole dada. Mila yetu Wachagga inampa kitinda mimba wa kiume nyumba na kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, hilo silipingi. Ila duka siyo kihamba. Kihamba hakidaiwi na msambazaji kila mwisho wa mwezi.

MamaWawili_Arusha
Mdogo wangu, kwanza jua duka limesajiliwaje. Kama ni jina la biashara la mzee peke yake, akifariki mali yote inaingia kwenye mirathi. Na mirathi ikienda kimila, Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linamweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Kama ni kampuni, mzee anaweza kukuhamishia hisa akiwa hai, na mabadiliko yakaingizwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni. Hizo ni zako, haziguswi na mirathi yake.

Nasema kwa uchungu. Mashine yetu ya kusaga, mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha, aliiendesha dada yangu mkubwa. Baba alipofariki, akaunti ikafungwa kusubiri msimamizi wa mirathi, na kikao cha ukoo kikamteua kaka. Dada alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, funguo mkononi, wateja wanamuuliza mbona leo hamsagi. Hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake.

Kwa mzee usianze na haki za wanawake, anza na hofu yake. Anaogopa mkwe? Fungueni kampuni, kaka awe mwanahisa, wewe uwe mkurugenzi mwenye sahihi benki, na katiba ya kampuni izuie hisa kuuzwa nje ya familia. Hapo hata ukiolewa Mbeya duka liko palepale.

Binti_Kibosho
Asante sana dada. Nimeangalia leseni ukutani: jina la mzee tu. Kaka nimempigia, kumbe hataki kuacha kazi, naye alitajiwa tu kama mimi. Jumamosi anakuja, tutaingia kwa mzee pamoja na shangazi.

MamaWawili_Arusha
Vizuri. Kaka ndiye aanze kusema, shangazi afuate. Na leja ya madeni uibebe.